Wageni Waliolala Tumboni mwa Baba

Watu wanaonifahamu husema mimi ni mkali, na sibishi. Nimefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, na mtu aliyefundisha darasa la tatu akabaki mpole, huyo hakufundisha, alikuwa analinda chumba. Lakini kuna likizo moja ambayo ukali wangu wote ulishindwa na chupa ya vidonge ishirini na mzee mmoja aliyegeukia ukutani. Mzee huyo ni baba yangu mzazi.

Wakati huo mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Uhuru tulikuwa tumeshauzoea, ujamaa ndio ulikuwa mpya, na mimi nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi huko Kanazi. Wazazi wangu walikuwa Izigo, kwenye kibanja chetu cha migomba na mibuni. Kaka yangu wa pekee alikuwa akivua samaki kisiwani Goziba, ambako barua ilifika siku mtumbwi ulipojisikia kufika. Kwa hiyo mama alipotuma ujumbe kwamba baba amelala kitandani, aliutuma kwangu. Shule ilikuwa imefunga, nikafunga kimfuko changu nikaenda.

Baba alikuwa amejikata mguu kwa jembe. Kidonda kilipoanza kutunga usaha, zahanati walimpa vile vidonge vya rangi mbili vya kuua vijidudu, naye akavimeza vyote kwa utiifu. Kidonda kikapona vizuri, tumbo likaharibika. Yaliyofuata sitayaeleza kwa kirefu kwa sababu ni baba yangu. Nitasema tu kwamba kijia cha kwenda chooni, ambacho zamani kilikuwa na majani, sasa kilikuwa kimesuguliwa kikabaki udongo mtupu.

Nilimkuta mtu mwembamba amelala kwenye kitanda cha baba. Baba ninayemjua mimi alikuwa mtu wa kumaliza ndizi zilizojaa jani zima la mgomba, kisha akaangalia jani kana kwamba limemwibia. Sasa mama alimwekea ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, naye akageukia ukutani. Alimletea uji, akanywa vijiko viwili akasema ameshiba. Mama alinivuta hadi jikoni, akaketi kuchambua mboga, akasema bila kuzungusha maneno, "Asipokula, tutamzika." Alisema hivyo huku akitupa majani mabaya upande mmoja na mazuri upande mwingine. Niliogopa kuliko ambavyo ningeogopa kama angelia.

Mganga wa zahanati alimpima tena. Hakukuwa na homa wala damu. Akaniambia kwamba dawa zile huua vijidudu vibaya na vizuri bila kuchagua, na sasa tumbo la mzee limebaki halina mwenyewe. Anywe maji mengi, na zaidi ya yote ale. "Ukipata nafasi ya kwenda Bukoba mjini," akasema, "kuna duka la dawa lina vidonge vya kurudisha vile vizuri. Havihitaji cheti cha daktari, unanunua tu." Kesho yake alfajiri nilipanda basi.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu, mtu wa mjini hasa, ambaye babu yake alitoka pwani na Kiswahili chake kilikuwa bado kina kanzu. Alinipa chupa ndogo ya kahawia kwa mikono miwili. "Mwanangu," akasema, "hivi vidonge si kama vidonge vingine. Humu ndani mna viumbe hai. Wamelala tu. Wakifika tumboni wanaamka. Usiwaweke juani wakafa. Usimpe mgonjwa na chai ya moto, utawaunguza. Mpe na chakula, asubuhi na jioni. Tumbo litajaa hewa siku za mwanzo, asishtuke, ndio wanapanga vitu vyao. Na akipata homa, au akizidi kuharisha, usinitafute mimi, mpeleke hospitali." Nilimshukuru sana. Laiti angenieleza vibaya kidogo, mengi yasingetokea.

Nilipofika nyumbani nikafanya kosa ambalo mwalimu hawezi kujizuia kulifanya. Niliifungua ile karatasi ya maelezo, nikasimama katikati ya chumba, nikaanza kumsomea mgonjwa kwa sauti, huku nikitafsiri kutoka Kiingereza kipengele kwa kipengele. Matumizi. Tahadhari. Madhara. Nilifika mahali panaposema kwamba kila kidonge kina mamilioni ya viumbe hai, na baba, ambaye kwa siku tatu alikuwa hajazungumza zaidi ya kusema "hapana", akageuka kutoka ukutani.

"Umesema wako hai?"

"Wako hai, Tata."

"Wanakuja kukaa humu?" Akaweka kiganja tumboni.

"Ndiyo."

"Na watalala?"

"Watalala, watakaa. Hiyo ndiyo kazi yao."

"Basi hao ni wageni," akasema. "Balozi ameambiwa?"

Kwa ambao walizaliwa juzi nieleze. Siku zile kila nyumba kumi zilikuwa na kiongozi wake, balozi wa nyumba kumi, na mgeni yeyote akilala kwako ni lazima balozi ajue: ni nani, katoka wapi, anafanya kazi gani, ataondoka lini. Aliyaandika yote kwenye daftari. Wa kwetu alikuwa jirani tuliyepakana naye, tukitenganishwa na mstari wa omulamula, ile mimea ya mpakani. Yeye na baba walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana tangu wakiwa wanachunga mbuzi. Baba alimwita munywani wake, na munywani kwetu si mtu wa kusalimiana naye tu njiani. Ni mtu mliyegawana naye buni moja mkatafuna kila mmoja nusu yake.

Miaka miwili kabla ya hapo, mvuvi mmoja rafiki wa kaka alitoka Goziba na samaki wa kukaushwa, akalala kwetu siku tatu. Baba hakuripoti. Nadhani aliona aibu kumwandikishia munywani wake mgeni ambaye munywani mwenyewe alikuwa ameshakula naye samaki. Basi siku ya mkutano balozi alisimama mbele za watu, akamtaja baba kwa jina, akasema sheria ni sheria. Baba akapewa adhabu ya kupalilia shamba la ujamaa peke yake kutwa nzima, na kila mpita njia akampa pole. Hizo pole ndizo zilizomuua.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kanisani baba alihamia benchi za upande wa pili. Na kwa hasira akageuka raia mwema kuliko wote katika wilaya. Aliripoti kila kitu kwa barua, na tarishi alikuwa mama. Jogoo wa jirani akilala kwetu, barua. Mbuzi wa kuazima akiletwa kupanda majike, barua, pamoja na maelezo kwamba ataondoka akimaliza kazi. Siku moja nyuki walitua kwenye mgomba, na baba akaandika: "Wageni wasiojulikana idadi, wametoka upande wa ziwa, hawakusema wanakaa muda gani." Balozi alizipokea zote, na mama anasema hakuwahi kucheka mbele yake hata mara moja.

Kwa hiyo aliposema "Balozi ameambiwa?" nilijua tumekwisha.

Nilimbembeleza. Nikamweleza kwamba ni vijidudu, havionekani, havina miguu. Akasema hata yule mvuvi alikuwa hana viatu. Nikamwambia nitamwandikia balozi barua sasa hivi. "Barua haitoshi," akasema. "Mbuzi ni barua. Hawa ni mamilioni. Aje mwenyewe aandikishe, ndipo nitakapomeza." Nikapandisha sauti, ile ya darasa la tatu. Akageukia ukutani. Chakula cha jioni hiyo hakukigusa, wala cha asubuhi iliyofuata. Nilisimama uani na chupa mkononi, nikamchukia kwa dakika tano kamili, kisha nikavuka mstari wa omulamula.

Balozi alikuwa anaanika kahawa. Nilimweleza yote kwa haraka, nikitazama chini kwa aibu, mwalimu mzima na chupa yangu. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu.

"Amesema nije mwenyewe?"

"Amesema hivyo."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la mikutano na beji ya chama, daftari kwapani, kalamu mbili mfukoni. Mke wake akamuuliza anaenda wapi kahawa ikiwa haijageuzwa. "Kazini," akasema, na akanitangulia njiani kwa hatua ambazo ilibidi nikimbie kuzifuata.

Mama alipomwona mlangoni alishika kizingiti. "Nyegera, waitu," akamkaribisha, na sauti yake ikakatika katikati. Balozi akaingia, akaketi kwenye kigoda, akafungua daftari juu ya goti. Hakumtazama baba. Baba naye hakumtazama. Walizungumza kupitia kwangu, watu wawili katika chumba ambacho ukinyoosha mguu unampiga mwenzako.

"Mwalimu," akasema balozi, "muulize mwenye nyumba, majina ya wageni ni yapi."

"Mwalimu, mwambie balozi majina yako kwenye karatasi."

Nikamsomea lile jina la Kilatini. Aliandika herufi nne, akaniomba nirudie, akaandika nyingine mbili, akaweka nukta.

"Wametoka wapi?"

"Boksi linasema Ulaya."

"Idadi?"

"Mamilioni."

Akainua kalamu. "Katika nyumba ya vyumba vitatu," akasema kwa upole, kama anayesikitika. Akaandika. "Wanafanya kazi gani? Maana mwalimu unajua msimamo wetu. Kama wanakuja kukaa ndani ya mtu, wanakula jasho lake na hawafanyi kazi, hao ni kupe, na mimi siwezi kupokea kupe wa kutoka Ulaya."

Mimi nilikuwa nimeanza kuchemka, lakini baba alikuwa ameinua kichwa kwenye mto akisubiri jibu kana kwamba jambo hili lilimsumbua naye pia. Nikasoma: wanasaidia kusaga chakula, wanawafukuza vijidudu waharibifu, wanalirudishia tumbo hali yake baada ya dawa kali. Balozi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Wafanyakazi," akaandika. "Wanakula nini?"

"Wanakula anachokula yeye."

"Na yeye anakula nini?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Nikasema, "Hali kitu. Leo ni siku ya nne."

Hapo ndipo balozi alipogeuka akamtazama baba kwa mara ya kwanza. Alimtazama mashavu, akamtazama mikono iliyokuwa juu ya blanketi. Kisha akafunga daftari.

"Mwalimu, soma tena pale pa kumeza."

"Vimezwe pamoja na chakula."

"Basi mimi siwezi kuandikisha wageni wanaokuja kufa njaa katika nyumba zangu kumi. Kesho nitaulizwa huko juu. Mama, leta chakula. Na mimi nina njaa, nitakula hapa hapa."

Ninaamini yule mzee alijua anachofanya tangu alipolifunga lile daftari. Kwetu mgeni hali chakula cha nyumba kabla mwenye nyumba hajaonja, na mwenye nyumba hanawi mikono kabla ya mgeni kumaliza. Ni aibu kubwa kuliko kulala njaa. Baba angeweza kumkatalia mama, angeweza kunikatalia mimi na karatasi yangu, lakini kumwacha mtu aliyeketi kwenye kigoda chake ale peke yake, hilo lilikuwa haliwezekani, hata kwa adui.

Mama alileta ebitoke yakiwa yanatoa moshi, ameyafunika kwa jani. Na hapo mimi, kwa ukali wangu na elimu yangu, nikayazuia. Karatasi ilisema visimezwe na kitu cha moto. Nikaamuru yapoe. Balozi akaniangalia. Yapoe kabisa, nikasema, mpaka ndani. Tukakaa tukiyatazama ebitoke yakipoa. Kama hujawahi kula ebitoke yaliyopoa, shukuru. Yanakaza kama kipande cha sabuni, yanashika kwenye koo, na unayasikia yakishuka hatua kwa hatua.

Baba aliinuka kwa viwiko. Akakata tonge dogo, akaonja. Balozi akakata lake kubwa, akatafuna taratibu, macho yakimtoka kidogo. Baba akasubiri amalize. Balozi hakumaliza, akakata jingine. Baba akalazimika kukata jingine. Walikula hivyo bila neno, mmoja akiwa hana hamu na mwingine akiwa hana mate, mpaka nikahesabu matonge matano ya baba. Ndipo nikampa kidonge na maji ya baridi. Balozi akafungua daftari, akaangalia saa yake, akaandika muda wa kuingia.

Mama alikwenda kusimama nyuma ya nyumba. Nilimfuata nikamkuta anafuta macho kwa kitambaa kile kile alichokuwa ameshika mlangoni.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe kesho yake, jua halijapanda juu ya migomba, balozi alikuwa mlangoni na koti lake. "Nimekuja kukagua," akaniambia. "Wageni wengi namna hii hawaachwi bila kukaguliwa." Akaingia, akaketi, akauliza, "Mwalimu, muulize mwenye nyumba, wageni wameamkaje?"

"Mwambie balozi wameamka salama."

"Wamekula?"

"Walikuwa wanakungoja," akasema mama haraka haraka, na akaleta ebitoke ya jana.

Chupa niliiweka pembeni ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko kwingine kote ndani ya nyumba. Siku ya pili nikakuta buni tatu za kutafuna zimepangwa vizuri mbele yake juu ya kipande cha jani. Hiyo akamwani ndiyo heshima ya kwanza anayopewa mgeni kwetu. Nilimwuliza mama anafanya nini. Akasema yeye hajasoma, lakini hajawahi kulaza mtu kwake bila kumpa akamwani, na hataanza leo kwa sababu tu ni wadogo. Nilizitoa. Jioni zikarudi. Tuligombana juu ya buni tatu kwa siku mbili, na ninyi mnaweza kukisia nani alishinda.

Siku ya tatu yakaja yale madhara. Karatasi ilisema "hewa tumboni" kwa herufi ndogo, kama mtu anayenong'ona jambo la aibu. Tumbo la baba halikunong'ona. Lilianza kunguruma wakati balozi akiwa anauliza wageni wameamkaje, likapanda, likashuka, likaguguma kama mtungi unaojazwa, na mwisho hewa ikatafuta njia yake kwa sauti iliyomnyamazisha hata mbuzi wa nje. Mimi nikatazama paa. Nilikuwa tayari kufa kwa niaba ya ukoo wetu.

Balozi hakutikisika. Alichovya kalamu mdomoni. "Wanafanya mkutano," akasema.

Kitanda kikaanza kutetemeka, na nilipogeuka nikaona baba amejifunika blanketi usoni anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Akafunua uso, machozi yakimtiririka, akasema, moja kwa moja bila kupitia kwangu, "Na mwenyekiti wao ana sauti."

"Ajenda ni nini?" akauliza balozi.

"Wanalalamikia chakula cha baridi."

Basi ndivyo walivyoanza kusemezana tena baada ya miaka miwili, na mimi sikuhitajika tena kama mkalimani. Kila asubuhi balozi alikuja, wakajadili mkutano wa usiku, nani kapinga, nani kapitishwa bila kupingwa. Kisha jani linaletwa, ebitoke yamepoa, wanakula. Matonge matano yakawa nane. Siku ya sita nilimsikia baba akimuuliza mama kwa nini maharage yamekuwa machache. Siku ya saba aliketi mlangoni mwenyewe. Kijia cha chooni kikapata nafasi ya kupumzika. Na mimi, ninakiri bila kuona haya, nilitembea ndani ya nyumba ile nikijisifu. Niliona ni mimi na chupa yangu na usomi wangu tuliomponya mzee. Nilifikiria hata kurudi dukani kumshukuru yule mzee wa mjini.

Vidonge viliisha siku ya kumi. Balozi akaendelea kuja, nami sikushangaa, maana mtu akipewa cheo hukitumia.

Siku mbili baadaye mke wa balozi alikuja jikoni kwetu. Alikuwa mwanamke mwenye heshima, na ilionekana amezunguka uani mwake mara nyingi kabla ya kuamua kuja. Alikaa, akakubali akamwani, akatafuna kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, sitaki ugomvi. Lakini ile dawa ya baba yako, karatasi yake inasema inaweza kumdhuru mtu ambaye hajaimeza?"

Nikamwambia haiwezekani.

"Basi sielewi," akasema. "Mume wangu anarudi kutoka hapa anashika tumbo. Limejaa kama ngoma. Anazunguka nyumba kwa saa nzima akitoa hewa, mpaka watoto wamehamia chumba cha nyuma. Na hajawahi kuweza chakula cha baridi tangu nimjue. Kikipoa tu, hakigusi. Hapa anakula?"

"Anakula. Anakuja na njaa kila siku."

Akaniangalia kwa mshangao. "Njaa ya wapi? Kila siku kabla ya kuja hapa anakula kwangu, ndizi za moto, anashiba. Nilimuuliza, sasa unakwenda kula tena kwa nini? Akaniambia, 'Nikimwacha rafiki yangu ale peke yake, atarudi ukutani.'"

Nilikumbuka lile tonge kubwa la kwanza na macho yaliyomtoka. Siku kumi na mbili mzee mzima alikuwa anakula mara mbili, mara ya pili sabuni tupu, kwa amri yangu mimi, na hakuwahi kuniuliza hata mara moja kama lazima ipoe mpaka ndani. Niliona aibu, na kwa kuwa mimi nikiona aibu huwa nakasirika, nilisimama nikaenda kwa baba.

Alikuwa kivulini anachonga mpini wa jembe. Mashavu yalikuwa yameanza kurudi.

"Tata," nikasema, "chupa imeisha tangu juzi. Wewe umepona. Sheria inasema mgeni akiondoka balozi aambiwe, na hujamwambia. Nakwenda sasa hivi kumwambia wageni wameondoka, yule mzee apumzike."

Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchonga, maganda yakaanguka juu ya miguu yake.

"Nani amekuambia wameondoka?"

"Vidonge vimeisha."

"Ukimwambia wameondoka," akasema taratibu, "atakuwa hana kazi tena hapa."

Nilibaki nimesimama pale na ukali wangu, sijui pa kuuweka. Akapuliza vumbi kwenye mpini, akaupima kwa jicho moja.

"Nenda umwambie wamehamia," akasema. "Wote. Ni wakazi sasa, aandike hivyo. Halafu umwambie mama yako kesho ndizi ziletwe za moto. Yule mtu ameteseka vya kutosha."

Nilikwenda. Balozi alisikiliza, akauliza kama ni wote, nikamwambia wote, akaandika akiwa amenipa mgongo na akachukua muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Kesho yake walikula ndizi za moto, wakaungua midomo wote wawili, na mimi nikapanda basi la kurudi Kanazi.